Aliyesugua Benchi Ulaya

Jumamosi nilikuwa kwenye mashine ya kusaga pale Bugarama, nikisubiri zamu yangu. Akaingia mwenzetu mmoja wa hapo hapo, mwanasoka aliyehamahama timu za ughaibuni miaka mingi, sasa amerudi na goti bovu. Begani alikuwa na kiroba cha mahindi ya mama yake.

Jamaa mmoja aliyesimama mlangoni akasema kwa sauti, makusudi asikike, "Staa wenu huyo. Huko Ulaya alikuwa anasugua benchi tu." Wenzake wakacheka.

Bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi la mashineni hakucheka. Kwake yeye mpira ni kelele za redio. Akamgeukia mchezaji.

"Eti mjukuu wangu, huko Uraya ulikuwa unasugua mabenchi?"

Mlangoni wakazidi kucheka. Mchezaji akatua kiroba chake polepole.

"Shikamoo bibi. Ndiyo, nilisugua. Nchi tatu."

"Marahaba. Na ile nyumba ya mama yako ilitoka kwenye kazi hiyo?"

"Hiyo hiyo, bibi."

Bibi akainuka, akavua kitenge cha begani, akafuta unga uliotanda kwenye benchi, kutoka pembe hadi pembe.

"Basi kaa. Hili nimeshakusugulia mimi."

Akakaa, akanyoosha goti.

Wale wa mlangoni nimekua nao. Enzi zetu timu ya kata ilipocheza, sisi hata benchi hatukupewa. Tulitazama tukiwa tumesimama, kama walivyosimama siku hiyo.