Simbilisi Mweupe Jikoni kwa Bibi

Juzi hapa Mikumi kijana alipita na boksi la simbilisi wa kuuza. Wakalia ule mluzi wao, fwii, fwii, nikaacha kukaanga. Harufu ya majani mabichi na mkojo ikanirudisha Mvumi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini haya nayakumbuka vizuri kuliko waliosoma wanavyokumbuka madaftari yao.

Shida zilianza nikiwa na miaka minane, mwaka aliofariki baba. Mama akabaki na vibarua kwetu Mabwerebwere, upande wa mjini, mimi nikapelekwa Mvumi kwa bibi mzaa baba. Nilibeba kikapu, ndani simbilisi dume, mweupe. Mali yangu yote ndiyo hiyo.

Jikoni kwa bibi walijaa simbilisi, kuanzia uvunguni mwa kitanda mpaka nyuma ya mafiga. Nikamwachia wangu kati yao. Dume wa pale akasimamisha manyoya, akagonganisha meno, akamrarua sikio.

Yohana, mtoto wa baba mkubwa, akacheka. "Mtoto wa mjini, hata panya wetu hawakutaki!"

"Wewe uliulizwa na nani?"

Bibi akakata maneno. "Mimi sifugi ugomvi. Akishindwa kukaa na wenzake, ataingia chunguni."

Bibi hakutania kuhusu chungu. Kwa woga nikamwogesha simbilisi wangu kwa sabuni, apendeze. Wenzake wakamkimbiza zaidi!

"Umemtoa harufu yake ukampa ya dukani," bibi akasema. "Sasa nani atamjua?"

Asubuhi akawatoa wote, akawafunika kwenye matenga. Akafagia jiko lote, akahamisha hata kuni. Kisha akawapaka jivu mmoja mmoja, wenyeji na mgeni, mpaka mweupe wangu akawa wa kijivu kama wao. Akamwaga majani ya viazi mafungu mafungu, ndipo akawafungulia pamoja.

"Haya, wote wageni."

Dume yule akanguruma, akazunguka akitikisa makalio kama mlevi. Akamnusa wangu, akapiga chafya ya jivu, akaona wenzake wanamaliza majani. Akaenda kula. Wangu naye akala, fungu la pembeni, kisha la katikati. Chunguni siku hiyo ulipikwa mlenda.

Jioni bibi akakunja mikeka yetu watoto, akatandika mmoja mpya, kila mtu achague pa kulala.

"Bibi, pale palikuwa pangu!" Yohana akalalamika.

"Palikuwa."

Nilidhani mikeka ile imechakaa tu. Nilielewa nikiwa mtu mzima, dada yangu alipofariki akaniachia watoto. Kabla hawajaingia ndani nilipaka kuta rangi upya, nikahamisha vitanda vyote.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, banda la chakula kando ya barabara kuu, cherehani mbili, shamba la mpunga Kilosa. Na watoto sita. Wawili sikuwazaa, waulize majirani ni wepi, watabishana.