Mifupa ya Mume wa Boke

Wegesa wa Nkende alivunjika mkono akiinua sufuria ya ugali. Hakuanguka, hakupigwa, hakukanyagwa na ng'ombe. Ugali! Majirani walicheka mpaka walipouona mkono wenyewe umepinda kama mundu.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, asiye na mtoto wa kiume. Kwa hiyo, kama desturi ya Wakurya inavyoruhusu, alitoa ng'ombe zake mwenyewe akamwoa Boke: ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke, ili mji wake usife. Boke akazaa wavulana wawili, nao wakawa wa mji wa Wegesa. Mtaa mzima unalielewa jambo hili bila semina.

Hospitali haikulielewa. Siku ile ya ugali, karani wa mapokezi, kijana Stanslaus aliyehamishiwa kutoka mbali, alimuuliza Boke yeye ni nani kwa mgonjwa. Boke akajibu kwa adabu kuwa ni mke wake. Stanslaus, bila kuinua macho, akaingiza kwenye kompyuta kwamba mgonjwa ni mwanaume. Bibi akafungwa plasta ngumu ya piopii, akarudi nyumbani akiwa babu.

Hakuna aliyejali mpaka ulipoletwa mradi wa kupima ubora wa matibabu ya mifupa dhaifu. Kipimo kilikuwa rahisi: kati ya wanawake wa miaka hamsini na kuendelea waliovunjika, wangapi wamepimwa mifupa na kupewa dawa ndani ya miezi sita? Wanaume hawakuwamo, maana waliotunga kipimo, huko walikokitungia, waliamini mwanaume ni chuma. Gari la mradi la kwenda Mwanza kwenye vipimo na dawa likabeba wanawake tu. Daktari Irine alimwambia Wegesa bila kumficha kuwa mifupa yake imekuwa kama magunzi. Asipopata dawa, inayofuata ni nyonga. Nyonga kwa umri wake ni kitanda, na kitanda ni jeneza. Tangu hapo Wegesa alikatiza uani kama aliyetandikiwa mayai.

Asubuhi ya gari la mwisho akaenda dirishani kwa Stanslaus kuomba aandikwe upya kuwa mwanamke, Boke ubavuni. Shemeji yake Heche, ndugu wa marehemu mumewe, akajipendekeza kuwasindikiza. Heche huyu alikuwa amefungua shauri baraza la kata akidai kwamba Boke ni mfanyakazi tu na wanawe hawana shamba. Akakaa kwenye benchi, masikio yamesimama kama ya punda.

Stanslaus akatoa shikamoo, akasikitika kwa dhati. Mfumo, akaeleza, unakubali kumgeuza mgonjwa kuwa mwanamke, ila haumkubali mwanamke mwenye mke. Bibi aweke tu dole gumba kwamba Boke ni msichana wa kazi, mambo yaishe, maana dereva keshawasha.

"Sema tu, Mama," Boke akamnong'oneza. "Ni maneno ya dirishani."

Heche akakohoa, akasogea mwisho wa benchi, karibu na dirisha.

Wegesa akalitazama gari. Alitaka kutembea kuliko alivyowahi kutaka ng'ombe, na kwa Mkurya hiyo ni kufuru. Kisha akamtazama shemeji yake.

"Mwanangu," akamwambia karani, "sikutoa ng'ombe kwa ajili ya msichana wa kazi. Nilioa mke."

Gari likaondoka. Ofisini wakapongezana: wanawake wote waliohesabika wametibiwa, hospitali imepata asilimia mia, na keki ilikuwa imeshaagizwa.

Kwenye kizingiti cha kutokea kikasikika kitu kama kijiti kikavu kikikatika. Wegesa hakuanguka akavunjika. Alivunjika nyonga, ndipo akaanguka.

Wakamrudisha dirishani kwenye kiti cha magurudumu. Utaratibu ni utaratibu: ajali mpya, maswali upya. Stanslaus akauliza jina la mgonjwa. Boke akalitaja, machozi yakimchuruzika. Na wewe ni nani kwake?

Njia ilikuwa wazi. Angejibu binti, au mkwe, au jirani, na pengine siku moja gari lingine lingekuja. Heche alikuwa bado mlangoni, hajaenda popote. Kwenye kiti, Wegesa, midomo imekauka kwa maumivu, akamtikisia Boke kichwa: usithubutu kunikana.

"Mke wake," Boke akasema.

Stanslaus akabonyeza palepale pa zamani: mwanaume.