Sakafu ya Barafu Niliyokataa Kuikana

Siku ya kupeleka posa yangu Kinango, ami alinikataza kutaja barafu.

"Mshenga ni mimi, wakiuliza kazi nitajibu mimi," alisema tukiwa bado nyumbani Munje, akifunga vifungo vya kanzu. "Ulikuwa Ghuba, ulifanya kazi hotelini. Basi. Ukianza hadithi zako watatufukuza na sukari yetu."

Hizo alizoziita hadithi ni miaka minne ya maisha yangu. Nimetangatanga sana. Baada ya kidato cha nne nilipakia mbuzi kwenye malori kule Samburu, nikapaka rangi vyumba vya wageni Diani, kisha nikavuka bahari. Katika kazi zote hizo, niliyoianza na kuimaliza ni moja tu: ukumbi wa barafu katika mji mmoja wa Ghuba. Tulilaza mabomba membamba sakafu nzima, ya kupitisha maji ya chumvi yenye baridi kali, tukamwaga zege juu yake. Kisha tukanyunyiza maji kidogo kidogo, tukangoja yagande, tukanyunyiza tena, siku baada ya siku. Barafu ilipokuwa bado nyembamba tuliipaka rangi nyeupe, kwa sababu barafu safi haina rangi, na bila hivyo watu wangeona zege tu.

Niliporudi, hapo kwenye rangi ndipo Munje nzima iliponicheka. "Huyu mpeni brashi, atatupakia rangi hata moshi," walisema wauza samaki.

Kinango tulipokewa vizuri. Kwa kuwa mposaji hakai na washenga, mimi nilibaki uani, karibu na tangi la maji lililokuwa tupu. Nilimsikia baba wa mwanamke niliyekuja kumposa akiuliza kazi yangu.

"Hotelini, mzee mwenzangu," ami akajibu.

"Hotelini akifanya nini?"

Ami akakohoa. Akakohoa tena.

"Mwiteni mwenyewe aingie," mzee akasema.

Niliingia, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Ghuba ulifanya kazi gani?"

Ami alinikazia macho. Nilijua nyuma ya pazia amekaa yule niliyemjia, muuza mahindi ambaye tulijuana sokoni Ukunda. Sikutaka aolewe na mtu wa hotelini ambaye hayupo.

"Nilijenga ukumbi wa barafu, baba."

Nikaeleza yote. Nikaeleza kwamba Ijumaa watu waliteleza na kucheza mpira wa magongo, Jumamosi tukaifunika barafu kwa mbao nene na zulia, watu wakala harusi juu yake, Jumapili tukafunua. Kaka za yule mwanamke wakaangua kicheko. "Shemeji, na wali wa harusi uliganda?" mmoja akauliza. "Walikula kwa nyundo?"

Mzee hakucheka. Alinyoosha kidole mlangoni, kwenye madumu ya manjano. "Wajukuu zangu wameamka alfajiri kupanga hayo foleni, na bado hayajajaa. Wewe unaniletea nyumbani kwangu habari za maji ya kutelezea?"

Hapo ningeweza kuomba radhi na kunyamaza. Badala yake nilipaza sauti, jambo ambalo mposaji hafanyi.

"Baba, kule ni kukavu kuliko hapa. Mvua yao ukiikosa leo, utaingoja hata mwakani. Maji wanayatoa baharini, wanayatenga na chumvi. Walitaka barafu jangwani, wakaipata. Sisi tunaomba bomba moja, kila mwaka tunaambiwa nchi hii ni kavu, haiwezekani. Mimi nimesimama juu ya hilo lisilowezekana. Nimelipiga rangi kwa mkono huu. Asiniambie mtu tena kwamba Kinango maji hayawezi kuja."

Ami alichukua kofia yake, tukaondoka.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Wamekubali posa, kwa sharti nirudi niombe radhi kwa uongo niliousema mbele ya wazee.

"Neno moja tu," ami alinibembeleza. "Sema ulitania. Una miaka arobaini na tatu, huna mke, huna nyumba. Hiyo barafu itakupikia?"

"Nitaomba radhi kwa kupaza sauti," nikamwambia. "Kwa barafu, hapana."

"Basi umemkosa."

"Nimemkosa."

Nilisema hivyo kwa kiburi, lakini nilikuwa nimeumia. Nilianza kufunga begi langu, maana kuondoka ndiko ninakokujua. Kesho yake asubuhi simu ililia. Alikuwa ni yule muuza mahindi mwenyewe.

"Nina swali," alisema, bila salamu. "Zile mbao juu ya barafu. Waliokula harusi hawakupata baridi miguuni?"

Miaka yote hiyo nimesimulia, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikaa juu ya begi.

"Mbao zilikuwa na sponji ndani," nikamjibu. "Lakini baridi ilipenya. Bibi harusi mmoja alivaa viatu vyembamba, akakaa ameinua miguu jioni nzima, ameificha chini ya gauni wageni wasione."

"Mwambie ami yako alete sukari tena," akasema. "Na wewe uje uyaseme hayo hayo. Safari hii mimi sikai nyuma ya pazia."