Santuri Niliyoamriwa Kuivunja

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Homa Bay, sikugusa mashine yoyote. Fundi Mkuu, Mhindi mwembamba mzaliwa wa Kisumu, alinikalisha kwenye kigoda, akawasha amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, akaniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Bwana."

"Basi kaa mpaka usikie."

Nilikaa tangu saa mbili hadi chai ya saa nne. Polepole nikaanza kuusikia mvumo wa umeme, na ndani yake mchakacho mdogo kama wa panya kwenye majani makavu. Nilipomwambia, alichomoa valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya mashine za wakati huo, akaifunga kwenye kitambaa na kunipa ikiwa bado moto.

"Huyu ndiye panya wako," alisema. "Sasa umeanza kazi."

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka masokoni na gari la matangazo la serikali. Juu ya gari kulikuwa na vipaza sauti viwili vya chuma vyenye midomo mipana. Ndani mlikuwa na amplifaya, jenereta ndogo ya petroli, na sahani ya kuzungushia santuri. Kwanza unapiga muziki watu wakusanyike, kisha Bwana Afisa, mkuu wetu wa habari wilayani, anashika maikrofoni kueleza habari za chanjo, shule au mbegu mpya. Muziki ulikuwa chambo. Ukikosea chambo, samaki hawaji.

Mwaka wangu wa pili, mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo alituletea sanduku la santuri. Nyingi zilikuwa nyimbo za kanisa na dansi. Moja ilikuwa na jalada la kijivu lisilo na picha hata moja. Kulikuwa na karatasi tu iliyopigwa taipu na kubandikwa kwa gundi, yenye majina ya watu kama ishirini, na mbele ya kila jina chombo chake: tarumbeta, saksafoni, tromboni, ngoma, na vingine ambavyo sikuwahi kuvisikia. Mwalimu alituambia kwamba wanamuziki hao walijitolea wenyewe kuitoa, nakala chache sana, na duka lolote la Nairobi halingekuwa nayo. Ilikuwa jazi ya bendi kubwa, alisema, lakini ya aina mpya.

Niliijaribu kwa dakika moja tu karakanani. Ilianza kwa ngoma ya taratibu na tarumbeta moja tamu. Nikaona nimepata chambo bora.

Jumatatu ya soko tukaenda Oyugis. Tulikuwa na tangazo la chanjo ya ndui, na akina mama walikuwa wamejaa na watoto migongoni. Nikaweka sindano kwenye santuri. Ngoma ikaingia, tarumbeta ikaimba, watu wakasogea. Kisha wale watu ishirini wakapiga wote kwa pamoja, kila mmoja njia yake. Midomo ya chuma juu ya gari ikatoa sauti kama mabati yanayong'olewa na upepo. Fahali mmoja alikata kamba akapita katikati ya vyungu. Mama mmoja akapiga kelele, "Gari linalipuka!" Kabla sijainua mkono wa sindano, uwanja ulikuwa umebaki na mbwa wawili na Bwana Afisa.

Bwana Afisa alikuwa Mkatoliki mtu mzima, mwenye suruali ya kaki iliyonyooshwa vizuri na sauti ambayo hakuipandisha kamwe.

"Fundi, hiyo ni nini umepiga?"

"Ni jazi, Bwana Afisa."

"Hiyo ni ajali. Hao watoto wamerudi nyumbani bila chanjo kwa sababu yako. Ukifika ofisini, vunja hiyo kitu. Sitaki kuiona tena."

Alisema kweli kuhusu watoto, na hilo liliniumiza kuliko ukali wake. Tulirudi siku ya soko iliyofuata, nikapiga dansi, na akina mama wakaja. Lakini santuri sikuivunja. Santuri za zamani zilivunjika kama sahani. Hii ilikuwa ya plastiki, nikaikunja kidogo na ikarudi kama ilivyokuwa. Nikaona haya kuikunja mara ya pili. Bwana Afisa aliponiuliza, nikamjibu, "Tayari, Bwana." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini, na ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki mbuta.

Baadaye nilihamishiwa Migori pamoja na dereva wetu, Mwita, Mkuria wa Kegonga. Kila Jumapili mchana, wakati wa kujaribu mashine, nilikuwa nikiipiga ile santuri kwa sauti ya chini. Siwezi kusema niliipenda. Nilikuwa nasumbuliwa nayo tu, kama mtu anayesikia majirani wakizungumza lugha asiyoijua. Mwita ndiye aliyesema neno la kwanza la maana. Alikuwa akisafisha plagi za gari.

"Hawa watu wanagombana," alisema, "lakini sikiza, hakuna mwenye anatoka."

Ndipo babake Bwana Afisa akafariki. Tuliitwa tupeleke vipaza sauti nyumbani kwao, mbele ya Oyugis, ili padri asikike. Padri alipomaliza, mchana ule ule, wazee wa ukoo wakaleta tero buru, desturi ya Wajaluo ya kufukuza kifo. Kundi moja lilitokea mtoni likiswaga ng'ombe na kupuliza pembe. Jingine lilikuja na ngoma kutoka upande wa barabara. Kwaya ya kanisa haikukubali kunyamaza. Wanawake kando ya kaburi walikuwa na wimbo wao, na mpiga nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, alikuwa na wake. Wote walikutana langoni kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemngojea mwenzake.

Nilisimama kando ya gari nikisikiliza. Nilikuwa naijua sauti hiyo. Nilikuwa nimeisikia Jumapili nyingi kule Migori.

Bwana Afisa alikuja akaegemea mlango wa gari. Macho yalikuwa mekundu. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Fundi," alisema, "ile kitu ya Oyugis. Uliivunja?"

Ningeweza kusema ndiyo, kazi yangu ikabaki salama. "Hapana, Bwana Afisa. Nilikudanganya. Nisamehe."

Nikaanza kufikiria nitawaambia nini watu wa nyumbani.

"Jumapili ya kesho kutwa uilete," alisema.

Baada ya misa nilimkuta ofisini kwake Homa Bay amevua koti. Nikaweka sindano. Alisikiliza upande wa kwanza akiwa amesimama, wa pili akiwa ameketi na uso mikononi. Ilipokwisha, alisema, "Wenye kupiga hii walizika mtu." Kisha akatafuta kalamu na kuandika barua ndogo: santuri ile ni mali ya fundi. Akatia sahihi. Kuhusu uongo wangu alisema sentensi moja: "Siku nyingine, ukiona mimi nimekosea, niambie mimi." Nilimwambia mara nyingi baada ya hapo, na hakuwahi kunichukia kwa hilo.

Nilistaafu nikiwa Fundi Mkuu, kwenye karakana ile ile ya Homa Bay. Vijana wengi huniuliza kama nasikitika kwamba kazi ile imekwisha. Sisikitiki. Nililipwa mshahara wa kusikiliza, nikafundishwa na watu wenye subira kuliko mimi. Wangapi wamepata hayo?

Mwaka juzi mgeni mmoja anayekusanya jazi za zamani alifika nyumbani. Alishika jalada kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayebeba yai. Alikuwa ameusikia muziki huo kwenye nakala mbovu, hakuwahi kuona santuri yenyewe. Hakuomba kuinunua, nami nilimheshimu kwa hilo. Aliniuliza tu ni sehemu ipi ninayoipenda.

Nikamwonyesha kwenye upande wa pili, karibu na mwisho, pale wote ishirini wanaponyamaza ghafla.

"Hapo hakuna kitu," alisema.

"Fumba macho, mwanangu."

Zamani nilidhani ni kosa la sindano. Niliisafisha, nikabadilisha valvu, nikakagua nyaya zote, na bado lilikuwapo. Si kosa. Ni mtu mmoja kati ya wale ishirini, akivuta pumzi kabla ya kupuliza.

Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu nikaona kifua cha mgeni kikipanda pamoja naye.