Ng'ombe Mwenye Alama Shingoni

Sikwenda Johannesburg kutembea. Nalisema hili mapema, maana tangu nirudi Muheza kila nikutanaye naye ananiuliza habari za maduka makubwa, na mimi maduka yenyewe nimeyaona kupitia dirisha la gari. Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu Athumani alinipigia simu. "Dada, nataka kuongeza ng'ombe wa maziwa, na huku ugonjwa wa miguu na midomo umezuka kaskazini, Limpopo. Naogopa kununua peke yangu. Njoo unichagulie." Ilikuwa mwaka 2019. Athumani nimemlea mimi tangu mama yetu afariki. Nikimwambia kaa, anakaa. Na ng'ombe nimefuga tangu nilipoolewa. Nikamwachia mume wangu zizi, nikapanda basi la Dar es Salaam, kisha ndege.

Uwanja wa ndege wa Johannesburg, askari aliniuliza kama nimebeba nyama au maziwa, na kama nimekuwa karibu na mifugo. Athumani alikuwa amenionya kwenye simu, kwa hiyo nilikuwa nimevaa viatu vipya. Vya zizini nimeviacha nyumbani. Nikapita.

Turffontein, anakoishi Athumani, ni mtaa wa kusini mwa jiji wenye uwanja wa mbio za farasi. Njiani mdogo wangu alikuwa akinena Kiswahili ambacho Tanga hatukijui. "Eish, dada, tukifika kwenye robot tunakata kulia." Nikatazama nje nitafute hiyo roboti. Kumbe ni taa za barabarani! Nyumbani wanawe walinipokea kwa "Hello, Auntie." Shikamoo wanaielewa, ila kuitamka ndiyo kazi. Nikawaambia mandazi hayaliwi mpaka niamkiwe, wakaniamkia haraka haraka.

Asubuhi yake tulikwenda shambani, nje ya jiji upande wa kusini. Athumani amepanga kipande cha ardhi pamoja na Papa Ilunga, fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, mtu wa Lubumbashi, Kongo. Kila mmoja ana ng'ombe wake, wanalisha pamoja. Maziwa wanayagandisha, na mtindi wao unanunuliwa na Wakongo na Watanzania wa Yeoville. Ndiyo ada ya shule ya watoto wa Athumani. Getini kuna beseni la dawa, kila aingiaye anakanyaga humo. Nilipenda usafi wao. Ng'ombe nao walikuwa wazima, pua mbichi, wanacheua.

Mchana tukafika kwa muuzaji, bwana mmoja mwenye uwanja wa ng'ombe na lori. Nikawapitia mmoja mmoja: midomo, kwato, chuchu. Kulikuwa na mtamba mwekundu, bado hajazaa, mgongo umenyooka, mpole ajabu. Nikampapasa shingoni, chini ya manyoya vidole vikagusa kovu. Nikayatenga manyoya: herufi F, imechapwa kwa moto.

"Muulize hii ni nini," nikamwambia Athumani.

Yule bwana akatazama lori lake kwanza. Kisha akajibu, na Athumani akanitafsiria: "Anasema ni alama ya chanjo. Amechanjwa miguu na midomo, tena zaidi ya mara moja."

Loo, furaha niliyoipata! Kwetu Muheza kumpata muuzaji wa ng'ombe aliyechanjwa kwa uhakika ni bahati. Wengi wanakuapia kwa Mungu na hawajawahi kuiona sindano. Huyu ana ushahidi shingoni.

"Huyu huyu," nikasema.

"Dada, una hakika? Wengine hawana alama."

"Ndiyo maana nasema huyu."

Athumani akalipa. Jioni yule mtamba alikuwa zizini na wenzake, wanalambana.

Jumamosi asubuhi Papa Ilunga akaja kuwaona ng'ombe wake. Alinisalimu kwa heshima zote, akamzunguka mtamba, akasimama ghafla.

"Mama, hii ngombe mulitosha wapi?"

"Papa, mmoja hatoshi, tutaongeza," nikamjibu.

"Anauliza tumemtoa wapi," Athumani akanong'ona.

Papa Ilunga hakucheka. Alikuwa ameshika shingo ya mtamba kwa mikono miwili. "Hii alama ni ya kule karibu na mbuga, kwenye nyati. Nyati iko na ile magonjwa, ngombe za kule njo banachanja. Lakini yenye banachanja haitoke kule. Haitoke hata kidogo! Athumani, hii ngombe balipitisha kwa wizi."

Alama niliyoichagua kwa mkono wangu ilikuwa inasema: huyu asivuke. Na amelala na ng'ombe wa watu wawili, kando ya barabara yenye mifugo ya majirani. Kama ana ugonjwa, zizi zima huenda likachinjwa.

Niseme nilivyosema. Nilimwambia mdogo wangu, "Tumrudishe sasa hivi kwa mwenyewe, kabla mtu hajajua."

Athumani akatikisa kichwa. "Tumpitishe tena barabarani, dada? Hapana. Napiga simu kwa daktari wa mifugo wa serikali."

"Athumani, nakwambia—"

"Nimekusikia, dada. Hapana."

Hajawahi kunijibu hivyo tangu azaliwe. Nikakaa.

Adhuhuri daktari alifika, mama mmoja mwenye buti za mpira. Akauliza ni nani aliyemchagua huyu ng'ombe. Athumani akasema, "Me." Neno hilo la Kiingereza ninalijua. Nikasimama, nikajipiga kifua: "No. Me. Sister." Daktari akatutazama wote wawili, akaandika, kisha akaeleza taratibu, Athumani akitafsiri. Chanjo inamkinga ng'ombe asiumwe, lakini aliyewahi kukutana na virusi anaweza kuvibeba kooni bila lengelenge hata moja. Ndiyo maana waliochanjwa kule wanawekewa alama na hawatoki. Mtamba atachinjwa. Waliobaki watatolewa damu, na mpaka majibu yatoke hakuna mnyama wala tone la maziwa kuvuka geti.

Siku zilizofuata nilikamua na kumwaga. Jamani, kumwaga maziwa! Tulichimba shimo, nikawa namimina ndoo nikigeuza uso. Athumani hakunilaumu hata kwa neno moja. Papa Ilunga ndiye aliyeguna: "Mama, kwenu kuchanja ni baraka, huku ni kifungo." Nikamwambia kote ni dawa ile ile, tofauti ni kwamba sisi tunaishi na ugonjwa na wao wanauzuia usiingie.

Siku ya kurudi ilinikuta majibu hayajatoka. Nguo za shambani na viatu niliviacha Turffontein. Muheza nilikaa siku kadhaa bila kukanyaga zizi, mume wangu akidhani nimerudi na maringo. Majirani nimewaeleza, na hapa narudia: msiache kuchanja. Chanjeni, tena rudieni kwa wakati. Ila ukinunua ng'ombe, usiulize tu kama amechanjwa. Uliza anatoka wapi, kuna nini huko, na kwa nini ameondoka. Kisha mtenge kwanza.

Simu ilikuja asubuhi nikiwa natoka kukamua.

"Dada, wetu wote ni wazima. Geti limefunguliwa. Papa Ilunga ameshapeleka mtindi Yeoville."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mume wangu akatoka nje. Kisha nikauliza, "Na yule mwekundu?"

"Naye alipopimwa hakuwa na kitu, dada. Lakini siku ile nani angejua?"

Nikalia palepale, ndoo mkononi. Alikuwa mpole yule.