Shamba Lisilo na Ekari

Wiki iliyopita abiria mmoja aliyeshuka lori la Mbalizi alinigongea mlango hapa Iringa, mkononi ana kifurushi cha magege, samaki wa Rukwa, waliokaushwa, wananukia moshi mpaka majirani wakachungulia. "Mzee wa kisiwani amefariki," akasema kabla hata ya kukaa. "Alituagiza tukuletee hawa." Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanisamehe, leo sina hamu ya kugombana na mtu. Namshukuru marehemu, na nataka mjue kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla kalamu haijawa jembe langu, nilikuwa bwana shamba. Ndicho kipindi kile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Nikatumwa kwenye kisiwa kidogo cha wavuvi katika Ziwa Rukwa, nikiwa na fomu: kila kaya ina ekari ngapi, inalima nini. Ofisini niliambiwa kwamba asiye na shamba hana kazi, na asiye na kazi atahamishwa kabla ya masika. Mzee huyo ndiye aliyenivusha. Mimi mtoto wa Ilula, niliyelelewa kwenye mashamba ya nyanya, nilikaa nimeng'ang'ania ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili, naye akanicheka njia nzima. "Bwana shamba, achia mtumbwi! Hautakimbia."

Kisiwa chenyewe unaweza kukizunguka kabla ugali haujaiva: vibanda vya matete, vichanja vya kukaushia samaki, kuku wanaodonoa magamba, akina mama wenye macho mekundu kwa moshi. Nilipita nyumba kwa nyumba. Ekari: hana. Mazao: hana. Hana, hana, hana. Nilipofika kwa mzee nikaandika vivyo hivyo bila hata kumwuliza. Akachungulia fomu.

"Umeandikaje hapo?"

"Kwamba huna shamba, baba."

Kicheko kikamkauka. Mkewe naye akaacha kugeuza samaki. "Ala!" mzee akasema. "Shamba langu umelivuka tangu asubuhi, tena bila hodi, sasa unasema sina?"

Nilidhani ni maneno ya kujitetea tu. Kesho yake alfajiri akanirudisha mtumbwini, nyavu ameziacha nyumbani makusudi, akanipeleka kwenye matete. Maji yalikuwa yakichemka kwa samaki wadogo. "Hapa wanazalia," akasema. "Hatutegi mpaka wakue. Ukitega hapa umekula mbegu." Jamani! Mbegu! Usile mbegu: ndiyo maneno niliyoyahubiri kutoka Ilula mpaka Nyololo, leo nayasikia kwa mtu niliyekwisha kumwandika mzembe. Niliona aibu, nasema kweli. Nikarudia fomu zote. Penye shamba nikaandika ziwa, penye zao nikaandika samaki, na penye ekari nikapiga mstari. Mkubwa wangu alinifokea, akauliza kama maji ya Rukwa yamenilevya, lakini fomu zilikwenda hivyo, na watu wale wakaachwa walipo. Sijui kama ni kalamu yangu iliyowaponya. Sitajisifu kwa nisilolijua.

Hatukuwa watu wabaya sisi tuliotumwa. Tulikuwa na haraka. Tulitoka nyumbani na kipimo kimoja, na chochote kisichoingia kwenye kipimo hicho tukakiita hakuna. Mwenzangu mmoja alimwandika mfinyanzi "hana kazi" huku anakunywa maji ya mtungi wake! Nami kwenye safu hii nimewahi kumhukumu mtu kwa kuchungulia tu mlangoni pake. Ninapokumbuka matete yale ndipo kalamu inaposita. Kabla sijaandika kwamba mtu hana, sharti kwanza nimwulize ana nini. Somo hilo sikulipata chuoni. Nilipewa bure na mtu niliyekwenda kumfukuza kwake, na asante yenyewe sikumpelekea akiwa hai.

Yule abiria alipokuwa anaaga nikamwuliza kama mzee aliacha neno lolote pamoja na samaki. Akaona haya kidogo, maana hakujua kama jina lile ni la heshima au ni tusi.

"Alisema, 'Mpelekeeni Bwana Hana mavuno ya shamba langu.'"