Niliposema fonte ya zamani bado nzima

Admin, nifiche vizuri, maana hapa Palma, Msumbiji, wenye simu za intaneti wameshakuwa wengi na wote wambeya. Nina miaka sitini na nane, mke mmoja, meno tisa. Shule niliishia terceira classe, darasa la tatu la Mreno, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe. Nikikosea adabu, hiyo ni makusudi.

Kazi yangu ni kufungua vitu vilivyokufa. Zamani redio, sasa kompyuta. Tangu gesi ionekane huko baharini kila kijana anataka karatasi ya kueleza maisha yake ipelekwe kwa wazungu, hata ambaye hajaanza kuishi. Binti yangu, nimwite Zaina, akataka kufungua kibanda cha kuchapa karatasi hizo. Akaniomba nimuundie kompyuta na akanionya, "Baba, kila kitu kipya. Nakujua wewe." Vipande vikatoka Mtwara, vikavuka Rovuma, vikafika vyote isipokuwa fonte. Fonte ndivyo tunavyoliita, kwa Kireno, lile boksi la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake.

Mimi kusubiri siwezi. Nilikuwa na maiti ya kompyuta imelala uvunguni miaka. Nikaichomoa fonte yake, nikaifungua. Jamani. Mende wamekaa ukoo mzima, babu mpaka vitukuu, mayai yao yamegandana kwenye nyaya. Mjusi kakaukia kwenye feni, mdomo wazi. Vumbi limelowa mafuta, linavutika kama kamasi. Nikaipiga mswaki, mswaki wangu mwenyewe, nikaukung'uta nikaurudisha mahali pake. Nikaifunga ndani ya kompyuta mpya inayong'aa, nikawasha. Feni ikanitemea miguu ya mende usoni, na harufu ikatoka kama nywele zinaungua pamoja na papa mkavu. Lakini ikawaka! Nikacheka peke yangu.

Zaina akaniambia atamleta mtu anayejua kompyuta aje kuikagua. Basi asubuhi moja, katibu wa mtaa yuko mazikoni Diaca, na mimi ndiye naibu wake kwa kukosekana mwingine, akaingia kwangu bwana mmoja wa kusini, kitambulisho shingoni, makaratasi mkononi, Kireno kitupu. Nikajua mkaguzi ndiye huyu. Akaanza kuuliza mambo mengi mbiombio, mimi naitikia tu sim, chefe, sim, chefe, yaani ndiyo, mkubwa, nusu sisikii. Kompyuta iko mezani, tumbo wazi. Mara akauliza, na fonte je, inafaa, au mnataka mpya?

Nikaona nimeshikwa. Nikakusanya Kireno chote nilichofundishwa kwa fimbo. "Fonte ya zamani bado nzima, chefe. Mpya hatuitaki."

Akainua macho. "Nimesikia inanuka."

"Kidogo tu. Mtu huzoea."

Akaandika. Nikatia saini, na mkia wa mapambo nikauweka.

Zaina akapelekewa kompyuta yake, nikamwambia bwana wa serikali kaipitisha. Baadaye likaja gari la kuchimba maji. Likatupita, likaenda kuchimba mtaa wa pili. Katibu akakimbia kuuliza, akarudi mweusi kwa hasira, akatusimamisha nje ya msikiti. Alisema yule bwana alipita kuandika mahitaji ya mitaa, na kwetu kuna mtu kamjibu kwamba fonte ya zamani bado nzima, mpya hatuitaki. Fonte, akatufafanulia tusiojua, kwa Mreno ni kisima pia.

Nikatikisa kichwa na wenzangu, nikasema mtu gani huyo asiye na haya.

Kisima chetu mngekiona. Maji ya chumvi, juu yana utando wa kijani, ukiuvuta kwa ndoo unakuja na manyoya ya mbuzi na chura aliyevimba. Wanawake wanachuja kwa kanga, na kanga yenyewe inabaki na utelezi. Watoto wanaharisha. Kisima hicho ni cha Bakari, tuliyekaa naye jando moja, tukatukanana kwa utani maisha yetu yote. Watu wakaamua ni yeye aliyesema, kwa kuringia kisima cha babu yake. Msikitini wanamwachia nafasi pande zote mbili. Salamu zake haziitikiwi. Mimi naitikia, lakini kwa sauti ndogo. Najichukia kuliko wale mende.

Juzi akaja kwangu. Hakunitania hata neno moja, ndipo nilipoogopa. Akaniomba nimwandikie yule bwana barua, aje na ile karatasi yenye saini, isomwe mbele ya watu. Nikaenda kibandani kwa Zaina, nikaichapa, kwenye kompyuta hiyohiyo, fonte inanipulizia uvundo wake, na Zaina anauliza, "Baba, nini kinanuka?" Nikamwambia ni bahari.

Bakari akanishukuru kwa kunichotea ndoo kisimani kwake, akasimama nionje. Nyumbani mke wangu huyachemsha na tangawizi. Haya yalikuwa mabichi, vuguvugu, mazito kama mate ya mtu mwingine. Kitu laini kikapita kooni. Nikameza, nikasema ahsante, ndugu yangu.

Majibu yamekuja. Bwana anafika Alhamisi na karatasi yake. Bakari ameniomba nikae mbele, ubavuni pake, ili saini ikitolewa mimi ndiye nimsomee jina, maana Kireno changu anakiamini.

Nikisema kabla, Zaina atajua nilichomfungia ndani ya kompyuta yake, na mtaa mzima utajua wanakunywa uchafu ule kwa sababu yangu. Nikinyamaza, Alhamisi nitalisoma jina langu mwenyewe kwa sauti, pamoja na ule mkia. Nishaurini, wanangu, nifanye nini? Tukaneni mkitaka, lakini jibuni upesi. Hapa kibandani moshi umeanza kutoka.